Kifo cha Pili cha Ylva Brännmark

Mwanamke alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya jikoni, macho yamefumbwa, mikono imekunjwa kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto. Inspekta Runar Hedlöv alivua kofia mlangoni, akakung'uta theluji kwenye viatu, akasimama kwa muda mrefu bila kuingia.

"Unasubiri ukaribishwe?" aliuliza Tuva Rask, ambaye tayari alikuwa amepiga magoti kando ya maiti na kalamu mdomoni. Tuva alikuwa na miaka thelathini na miwili na alikuwa mpelelezi kwa miaka minne. Runar alikuwa na hamsini na tisa. Alikuwa amerudi kazini wiki sita zilizopita, baada ya likizo ya ugonjwa iliyoanza siku ya mazishi ya mkewe, na kila mtu kituoni alijua kwamba bado anaishi kwa vidonge vya usingizi.

"Nani huyu?"

"Gunvor Aasli, Mnorwe, miaka arobaini na minne. Amepanga nyumba hii tangu Ijumaa. Mwenye nyumba alimletea kuni saa mbili asubuhi, akagonga, akachungulia dirishani." Tuva aliitoa kalamu mdomoni. "Simu yake haipo. Na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mimi nasema mwizi. Aliingia, akashtukiwa, akampiga."

Runar alilisogelea dirisha. Lilikuwa limefunguliwa upana wa kiganja, na kile kindoano cha ndani kilikuwa kimetiwa kwenye tundu lake ili lisipigwe na upepo. Chini yake, nje, theluji ilikuwa safi kama shuka.

"Hajaingia mtu hapa," alisema. "Limefunguliwa na mtu aliyekuwa ndani, na kwa utulivu."

"Digrii kumi na mbili chini ya sifuri, mtu anafungua dirisha kwa ajili gani?"

Runar aligeuka. Alitazama meza. Kulikuwa na kikombe kimoja chenye kahawa iliyoganda utando, na kipande cha mkate wa mdalasini kilichoumwa mara moja. Kikombe cha pili kilikuwa kimeoshwa na kufudikizwa juu ya kitambaa, karibu na sinki. Mgeni, basi. Mgeni aliyekunywa kahawa, na baadaye akaosha kikombe chake.

Daktari Öberg, aliyekuwa akiandika pembeni, alifunga daftari lake. "Amekufa jana, kati ya saa sita mchana na saa kumi. Ana jeraha kisogoni. Aliangukia kona ya hilo jiko la chuma, damu mnaiona. Lakini jeraha si kubwa. Angeamka na maumivu ya kichwa, angeshonwa nyuzi sita."

"Kwa hiyo?"

"Nimetazama macho kabla hamjaingia. Yana vidoa vyekundu. Mdomo wa chini umechanika kwa ndani, umekandamizwa kwenye meno. Na ule mto wa kiti una mate." Daktari alinyoosha kidole. "Alianguka, akawa bado hai, halafu mtu akamziba pumzi. Ingechukua dakika tatu, pengine nne. Huyo mtu alikuwa na nafasi ya kubadili mawazo."

Mpiga picha alimaliza, akarudi nyuma.

"Haya, tuitazame mikono," Runar alisema, akavaa glavu. Aliuinua mkono wa kulia, akauweka ubavuni. Kisha akauona ule wa kushoto.

Kidole kidogo kiliishia kwenye kiungo cha kwanza. Ncha yake ilikuwa laini, kovu la zamani sana, jeraha la utotoni.

Tuva alimwona Runar akikaa chini sakafuni, kama mtu aliyeondolewa kiti.

"Runar? Unaumwa?"

"Msumeno wa kiwanda cha baba yake," alisema Runar. "Alikuwa na miaka saba. Niliandika hivyo kwenye tangazo. Tulibandika matangazo mia nne, mpaka mji wa Umeå." Aliutazama uso wa maiti, nywele zilizoanza mvi, mashavu yaliyonenepa, akaondoa mwaka mmoja mmoja mpaka akamfikia msichana wa picha. "Huyu si Mnorwe. Huyu ni Ylva Brännmark."

Tuva alikuwa shule ya msingi wakati ule, lakini hakuna mtu wa wilaya ile asiyelijua jina hilo. "Ylva Brännmark aliuawa," alisema polepole. "Miaka kumi na tisa iliyopita. Henning Sjödin alimtupa ziwani."

"Henning Sjödin alikiri kwamba alimtupa ziwani. Kwangu. Baada ya masaa kumi na moja."

Daktari Öberg aliacha kuvua glavu zake, ikabaki moja.

"Alikaa miaka kumi na nne gerezani," alisema Runar. "Kwa ajili ya mwanamke huyu aliyekufa jana."

*

Walitoka nje. Jua la Machi liliwaka juu ya barafu ya ziwa mpaka macho yakauma. Tuva alipiga simu kwa mkuu wao, aliyekuwa kwenye mkutano mjini Sundsvall, akaeleza kwa sentensi chache, akasikiliza, akakata.

"Anakuja. Masaa matatu barabarani. Amesema wewe usiguse kitu, kesi hii haikuhusu tena. Kisheria hutakiwi hata kushika kitasa cha mlango."

"Ni kweli."

"Na amesema nimkamate Henning Sjödin." Tuva alimtazama usoni. "Si unaona mwenyewe? Mtu anafungwa kwa kumuua mwanamke, halafu mwanamke anamtokea mzima, amenenepa, anakula mkate wa mdalasini. Hata mimi ningemziba pumzi."

Runar alivua glavu. Alitoa kwenye mfuko wa koti karatasi ndogo ya manjano, imekunjwa mara mbili, akampa. Ilikuwa na mwandiko wa dada wa mapokezi: *Gunvor Aasli, Norwei. Amepiga mara tatu leo. Anataka kuzungumza na wewe tu. Anasema ni habari ya zamani.* Tarehe ilikuwa ya Jumanne.

Tuva aliisoma, akaisoma tena. "Hukumpigia."

"Nilikuwa nimechoka. Nilisema nitampigia Jumatano. Jumatano nikasema Alhamisi."

"Leo ndiyo Alhamisi, Runar."

"Najua leo ni siku gani."

Kutoka barabarani mpaka kwenye nyumba ilikuwa hatua mia tatu, njia isiyosafishwa. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka jana saa tano asubuhi, na kwa hiyo kila aliyepita baadaye alikuwa ameandikwa pale. Mwenye nyumba na gari lake la kuvuta kuni. Wao polisi, pembeni, kama walivyoagizwa. Na mtu mmoja zaidi, viatu vyenye soli nyembamba, namba ndogo, kwenda na kurudi. Wakati wa kwenda hatua zilikuwa fupi. Wakati wa kurudi zilikuwa fupi vilevile. Hakukimbia.

"Twende kwa Henning," alisema Runar. "Wewe utauliza. Mimi nitakaa kimya."

"Wewe? Utakaa kimya?" Tuva aliwasha gari. "Hilo nataka nilione."

*

Henning Sjödin alikuwa akitengeneza misumeno ya injini kwenye banda nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake. Walimkuta kaketi kwenye kigoda kirefu, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu kutoka pajani mpaka kidoleni, umelazwa juu ya sanduku. Magongo mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alipomwona Runar aliweka bisibisi mezani kwa uangalifu.

"Mti uliniangukia," alisema, kwa sababu Tuva alikuwa akiutazama mguu. "Wiki mbili sasa. Kwenda chooni tu ni safari."

Tuva na Runar walitazamana. Kule kwenye njia hapakuwa na alama ya gongo hata moja.

"Jana ulikuwa wapi, Henning?" aliuliza Tuva hata hivyo.

"Hapa. Muuguzi alikuja saa saba kunisafisha, akakaa mpaka saa tisa. Tulicheza karata. Anaiba karata yule." Akaisogeza bisibisi. "Mmekuja kwa ajili ya Ylva."

Kijibanda kilikuwa na jiko la kuni likinguruma.

"Unajua kuhusu Ylva?" Tuva aliuliza.

"Alikuja hapa Jumapili. Alisimama pale ulipo wewe." Henning alizungumza akiitazama mikono yake. "Nilidhani ni dawa za maumivu zinaniletea vitu. Nikamwambia aende zake. Akanionyesha kidole. Basi nikamwambia aketi, nikampa kahawa. Mtu utafanya nini kingine?"

"Alikwambia nini?"

"Yale yale niliyowaambia ninyi siku ya kwanza, kabla ya... kabla." Hakumtazama Runar. "Baba yake alimpiga, akamvunja pua. Akaja mbio kwetu. Nikampakia kwenye boti, damu imejaa kila mahali, nikamshusha kwenye gati ya dada yake. Nikarudi nyumbani kulala. Hayo tu. Dada yake akasema mahakamani kwamba sikumleta."

"Na ulimleta," Tuva alisema.

"Sasa ni hivi. Ylva anasema ni yeye mwenyewe aliyemwomba dada yake aseme uongo. Usiku ule ule walivuka mpaka kwa gari. Alimwapisha asimwambie mtu, maana baba yao angemfuata akamuua. Halafu akabadili jina, akaolewa huko kaskazini. Habari zangu alizisikia baada ya mwaka na zaidi. Akaogopa. Akaendelea kuogopa." Henning alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Sasa ana kansa, akaona afadhali aseme. Alitaka kukuona wewe, Runar. Alisema atakupigia simu."

Runar alifungua mdomo. Tuva akamkanyaga mguu.

"Mbali na wewe, nani mwingine alijua kwamba amerudi?"

"Ingegerd, dada yake, yule mchungaji. Alikwenda kwake kwanza, Jumamosi. Ingegerd alilia sana, anasema. Akamuahidi watakwenda polisi pamoja. Mchungaji ni mtu mwema, nyie mnamjua. Alikuja gerezani kila mwezi kunitazama, miaka kumi na nne, hakuruka hata mmoja. Mama yangu aliruka." Kisha Henning akawatazama, mmoja, na mwingine. "Mbona mnaniuliza jana nilikuwa wapi?"

Hapo Runar ndipo alipovunja ahadi yake. "Ylva amekufa, Henning. Jana mchana. Ameuawa."

Henning alikaa vilevile. Kitu pekee kilichosogea ni mkono, uliokwenda kwenye kifua cha ovaroli na kukishika kitambaa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Mtanichukua tena?"

"Hapana," alisema Tuva.

"Maana safari hii siwezi kutembea vizuri."

"Hapana, Henning. Hakuna anayekuchukua."

*

Ndani ya gari Runar alikaa bila kufunga mkanda, na kengele ya gari ililia mpaka Tuva akaunyoosha mkono na kumfungia mwenyewe.

"Mke wangu alipokufa," alianza Runar, "tulikuwa watatu chumbani. Mimi, yeye, na Ingegerd. Alipokata roho, Ingegerd alimfumba macho, akamkunjia mikono, wa kulia juu. Halafu akaenda dirishani, akalifungua kidogo, akatia kindoano. Ilikuwa Novemba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wazee wa huku walikuwa wakifanya hivyo, ili roho isihangaike kutafuta mlango. Yeye humfanyia hivyo kila mtu anayefia mikononi mwake."

Tuva alibadilisha gia. "Nchi nzima inamjua yule mama," alisema. "Mwanamke aliyemsamehe muuaji wa dada yake. Sisi tulifundishwa habari zake darasani kwa kipaimara. Niliandika insha."

"Na alisamehe nini hasa?" Runar alisema. "Alikuwa ameketi mbele ya Henning kila mwezi, anamsamehe."

Tuva alisogeza gari pembeni, akasimama, akashusha kioo, akavuta hewa ya baridi mara kadhaa. Kisha akaendelea na safari.

*

Siku ya Alhamisi nyumba ya usharika hunuka supu ya njegere. Wazee thelathini hivi walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, vijiko vinagonga sahani, na harufu ya chapati nyembamba za maziwa ilikuwa ikitoka jikoni. Mchungaji Ingegerd Brännmark alikuwa akigawa haradali, ameifunga aproni juu ya shati lenye kola nyeupe. Alikuwa na miaka hamsini na miguu midogo. Buti zake zilikuwa kwenye raki mlangoni, soli nyembamba, na Tuva aliinama, akaitazama moja bila kuigusa, akainuka.

"Runar," alisema Ingegerd. "Umekonda. Keti, nikupakulie."

"Tuzungumze ofisini, Ingegerd."

Aliweka chupa ya haradali mezani, akamwambia bibi mmoja kwamba chapati zisiachwe zikapoa, akatangulia. Ofisini alikaa kwenye kiti chake. Tuva alibaki mlangoni, akabonyeza kirekodi, akamsomea haki zake: kunyamaza, na kuwa na mwanasheria. Ingegerd alisikiliza kama anayesikiliza somo la kwanza ibadani.

"Sihitaji mwanasheria. Nani ameniona?"

"Hakuna," Tuva alisema. "Ulifungua dirisha."

Ingegerd alifikiri kidogo. "Ni kweli," alisema. "Sikukumbuka kulifunga. Ni mazoea."

Runar alikuwa ametayarisha maswali mengi njiani. Yote yakamtoka kichwani. "Ulimwacha Henning aende jela," alisema.

"Nilidhani hataenda. Nilijua hakufanya kitu, nikasema watamwachia baada ya wiki. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, naogopa baba kuliko Mungu. Kisha nikasikia amekiri." Alimtazama Runar, na macho yake hayakuwa na chuki. "Unajua nilidhani nini? Nilidhani ninyi nyote mmechanganyikiwa. Mtu anakirije kumuua mtu niliyemfikisha mwenyewe mpakani? Nilikaa jikoni nikacheka, Runar. Nilicheka mpaka nikatapika."

"Baba yenu alikufa miaka miwili baadaye. Ungesema."

"Nilikuwa nimeshasamehe hadharani. Magazeti, redio, maaskofu. Mtu mmoja aliniandikia kwamba aliacha kujiua kwa sababu yangu. Ningewaambia nini? Kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko mwaka uliotangulia. Nikasema nitakwenda kumwona kila mwezi. Hicho ndicho nilichoweza."

"Henning anakuona malaika," alisema Tuva.

"Najua. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu."

"Adhabu ilikuwa yake, si yako."

Ingegerd aliipokea kauli ile bila kujitetea. Nje ya mlango mtu alicheka, na kiti kiliburuzwa.

"Tuambie ya jana," Runar alisema.

"Nilimwomba asubiri mpaka Pasaka. Nilitaka tu niiongoze Pasaka moja ya mwisho. Akasema Henning amesubiri kutosha, kesho anakuja kituoni na atakaa mapokezi mpaka umwone. Akasimama, akachukua koti. Nikamshika mkono. Akajinasua, nikamsukuma. Kichwa kikagonga jiko."

"Ukadhani amekufa."

"Ndiyo."

"Daktari anasema hakuwa amekufa."

Mikono ya Ingegerd, iliyokuwa imetulia muda wote, ilianza kuipapasa aproni, kwenye doa la haradali, kana kwamba lingeondoka.

"Alifumbua macho," alisema. "Akaniita kwa jina la utotoni. Akaniambia nimsaidie kuinuka." Aliacha kulipapasa doa. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza maneno ya mahubiri ya mazishi yake."

Tuva alitoka nje ya ofisi. Runar alimsikia ukumbini akiwaambia wazee kwamba wamalize chakula chao na waende nyumbani.

Mkuu wao alifika saa saba na nusu. Ingegerd aliivua aproni mwenyewe, akaikunja. Simu ya Ylva ilikuwa kwenye droo ya tatu, chini ya vitabu vya nyimbo.

*

Saa tisa walirudi kwa Henning. Runar alimweleza yote akiwa amesimama, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza. Alipofika kwenye jina la Ingegerd, Henning alimwambia anyamaze. Walingoja. Henning aliyachukua magongo, akajikokota mpaka dirishani, akageuza mgongo, na mabega yake yalitikisika bila sauti.

"Kule kwao kaskazini Ylva ana mtoto," alisema mwishoni, bado amegeuka. "Binti. Mtu amwambie vizuri. Asisikie redioni."

"Nitapiga simu mwenyewe," Tuva alisema.

Henning akageuka. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Runar moja kwa moja.

"Nina swali moja tu."

Runar alimwomba Tuva kirekodi. Tuva alisita, akampa. Runar alikiwasha, akakiweka mezani katikati ya minyororo ya misumeno, akaketi kwenye sanduku, chini kuliko Henning.

"Uliza."

"Yale masaa kumi na moja. Ulijua lini kwamba sikumuua?"

Jiko la kuni lilirusha cheche. Tuva alitazama sakafu.

"Saa ya tisa," alisema Runar. "Ulisema ulimfunga nanga ya boti, akazama nayo. Nanga ilikuwa bado kwenye boti. Nilikuwa nimeishika mwenyewe asubuhi ile."

"Ukafanya nini?"

"Nilikwambia umekosea. Nikakwambia fikiri vizuri, pengine lilikuwa jiwe."

Henning aliitikia kwa kichwa, polepole. "Nakumbuka. Nikasema ndiyo, jiwe. Nilifurahi nimepata jibu. Nikadhani sasa nitalala."

Kirekodi kiliendelea kuwaka taa yake nyekundu.

"Sauti haikunaswa vizuri pale mwanzo," alisema Tuva. Akakisogeza kirekodi karibu na Runar. "Kwa kumbukumbu. Anayetoa maelezo ataje jina lake kamili, na cheo."

Runar alilitaja jina lake. Cheo hakukitaja.